Kulisha ngome ya hadithi wakati wa baridi ndefu: ghala, chumvi, zizi au bahari?

Ngome nyingi za hadithi za kubuni zina minara saba, joka moja na hazina stoo. Joka msomaji atalisamehe. Lakini akiona watu mia tano wamefungiwa ndani ya theluji miezi minane, na mezani kila usiku mapaja ya nyama choma hayakauki, ataanza kuuliza. Swali linalomkabili mwandishi au mtengeneza mchezo wa kompyuta ni lile lile lililomnyima usingizi mtunza stoo wa Ulaya ya karne ya 13: chakula kihifadhiwe vipi, na kipi kikikosekana tumekwisha? Hapa chini njia zenyewe zimewekwa sambamba, na hesabu zake.

Ngome yetu ya mfano ina watu 100: askari, wapishi, mhunzi, watumishi, wake na watoto. Ina farasi 20. Theluji inaanza Novemba mosi na kuyeyuka mwisho wa Aprili, yaani siku 180. Kwenye baridi ile tuweke wastani wa kalori 2,600 kwa mtu kwa siku. Na usidhani watu 100 ni wachache. Conwy, mojawapo ya ngome kubwa za Wales, mwaka 1284 iliwekewa kikosi cha watu 30 tu, nusu yao wapiga pinde za mtambo. Ngome ndogo ya watu wachache ndiyo inayovuka baridi, hilo tutalirudia.

| Njia | Kiasi kwa watu 100, siku 180 | Hukaa muda gani | Huharibiwa na nini |
|---|---|---|---|
| Nafaka kavu | tani 12 | miaka kadhaa, ikiwa imekauka kweli | unyevu, fukusi, panya |
| Njegere kavu na maharage mapana | tani 1.8 | miaka kadhaa | unyevu, wadudu |
| Nguruwe wa chumvi | tani 1.8 (nguruwe 42 hivi) na chumvi kilo 300 | mwaka mmoja hivi | joto siku ya kuchinja, chumvi haba |
| Samaki mkavu | kilo 900 | miaka kadhaa | unyevu |
| Kabichi ya kuchachusha | tani 1.8 na chumvi kilo 45 | baridi moja | kabichi kuachwa juu ya maji yake |
| Ng'ombe hai | tani 1 ya nyasi kavu kwa kila ng'ombe | mpaka nyasi ziishe | nyasi kuisha Februari |
| Mnara wa njiwa | karibu sifuri | – | majira yenyewe |

Ghala la nafaka

Nafaka ndiyo inayobeba kazi yote. Vingine ni vitoweo. Tani 12 zinatoa kama asilimia 70 ya nguvu wanayohitaji watu 100, ukishatoa hasara ya asilimia 15 ya panya, ukungu na kusaga. Ngano ina uzito wa kilo 770 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mzigo wote unaingia katika chumba cha mita 5 kwa 4, nafaka ikilala kina cha sentimita 80. Chumba kimoja! Mwandishi anayetaka kuonyesha utajiri wa ngome kwa maghala marefu yasiyo na mwisho anapoteza mawe yake bure, isipokuwa aseme maghala hayo ni ya wanyama.

Maana farasi ndio walaji. Farasi wa vita anayefanya kazi hula kilo 4 za oti kwa siku, na nyasi kavu kilo 8. Farasi 20 kwa siku 180 ni tani 14.4 za oti, zaidi ya mkate wa watu wote 100, na nyasi tani 29 hivi. Nyasi hizo zikiwa hazijafungwa zinajaza zaidi ya mita 400 za ujazo, kama vyumba saba vya ukubwa ule ule wa mita 5 kwa 4, kutoka sakafuni hadi darini. Bwana wa ngome anayekataa kuwapeleka farasi wake kusini kabla ya theluji amekwisha kuchagua nani atakufa Machi. Mkasa huo tayari ni sura nzima ya hadithi.

Halafu kuna pombe. Watu wa Ulaya ya zama zile walikunywa bia nyepesi ya kimea cha shayiri kama sisi tunavyokunywa chai, kila siku, watoto nao. Tuseme lita 2 tu kwa mtu: lita 36,000 kwa msimu. Kilo moja ya shayiri ikitoa lita 4 (ikitengenezwa kali hutoa pungufu sana), tani 9 zinakwenda kwenye pipa, na sehemu ya nguvu yake inabaki kwenye machicha wanayopewa nguruwe. Bia isiyotiwa maua ya hopsi huchacha ndani ya siku chache, kwa hiyo hupikwa kila wiki, na kila wiki hula kuni. Mtunza stoo mwenye akili hupunguza bia kabla hajagusa mkate. Askari watanung'unika, lakini nafaka hiyo inawapa zaidi ya miezi minne ya mkate.

Kosa la kwanza la ghala ni kina. Nafaka iliyovunwa majira ya mvua huingia na unyevu wa asilimia 16 au 18. Chini ya 14 ndipo ilipo salama. Ikirundikwa kina cha mita moja na nusu ikiwa bado mbichi, inapumua, inapata joto katikati, inatoa jasho, kisha inaota ukungu na kushikamana kama tofali. Dawa ni kuilaza kina kifupi miezi ya kwanza, kuigeuza kwa koleo la mbao kila wiki, kisha kila mwezi. Jinsi ya kupima bila kipimajoto: chomeka fimbo ya chuma hadi sakafuni, iache saa nzima, ichomoe na uishike kiganjani. Ikiwa na uvuguvugu, waite watu na makoleo usiku huo huo. Katika nchi za mvua nyingi kama Skoti, Ayalandi na Urusi ya kaskazini, nafaka ilikaushwa kwanza juu ya tanuri la moshi. Matanuri hayo yaliungua mara kwa mara, ndiyo maana hujengwa mbali na paa la nyasi.

Panya mmoja hula gramu 25 hivi kwa siku. Panya 200, idadi ambayo ghala baya hufikisha bila shida, watakula kilo 900 ndani ya siku 180, na watakazochafua ni zaidi. Fukusi naye yupo, ndugu wa yule wa kwenye mahindi yetu, ila baridi humlegeza. Dumuzi anayewasumbua wakulima wa Tanzania na Kenya asiingizwe katika hadithi hii: ametoka Amerika. Mahindi, viazi mviringo, nyanya, muhogo na maharage yetu ya kawaida navyo vimetoka huko huko. Kama dunia yako ya kubuni ina sura ya Ulaya kabla ya 1492, chungu cha mtu wa kawaida kina njegere, maharage mapana, kabichi na vitunguu. Ukiweka viazi, si dhambi, ni dunia yako. Lakini jua kwamba umebadilisha hesabu yote, kwa sababu shamba la viazi hulisha watu wengi kuliko shamba la ngano la ukubwa ule ule.

Nafaka gani? Ngano hutoa mkate mweupe wa meza ya bwana, inataka udongo mzuri. Rai, nafaka nyeusi ya kaskazini, inavumilia mchanga na barafu, ndiyo ya kuchagua kwa nchi ya baridi, ila ikichanua katika majira yenye unyevu huota kuvu liitwalo ergoti: pembe nyeusi ndani ya suke, ndefu kuliko punje. Zikisagwa pamoja na nafaka, watu hupata mitetemo, huona maruweruwe, na vidole huoza na kudondoka. Wazungu wa kale waliuita ugonjwa huo moto wa Mtakatifu Antoni. Anayeijua kazi humwaga rai kwenye maji ya chumvi nyingi. Pembe nyeusi huelea na kuenguliwa. Shayiri ni ya bia na uji. Oti hukubali baridi na mvua kuliko zote, lakini kwa uzito ule ule hujaza nafasi karibu mara moja na nusu ya ngano. Chaguo la busara ni kupanda ngano na rai pamoja shamba moja, kama wakulima wengi wa zama zile walivyofanya: mwaka ukiwa mbaya kwa moja, nyingine inakuokoa.

Unga haukai, nafaka hukaa punje. Basi lazima kusaga, na hapo ndipo waandishi wengi huteleza. Kinu cha maji kiko nje ya ukuta na gurudumu lake limeganda. Watu 100 wanataka kilo 60 za unga kwa siku. Mawe ya mkono hutoa kilo 3 hivi kwa saa, kwa hiyo ni saa 20 za kusaga kila siku: wanawake watatu wanaoshinda kwenye jiwe tangu alfajiri hadi giza, mabega yamevimba, unga umewaingia puani. Kinu kinachozungushwa na farasi ndani ya ua ni bora, kama farasi bado yupo. Njia ya tatu ni kuacha kusaga: ngano hupondwa kidogo, huloweshwa usiku, hupikwa polepole na mfupa au kipande cha mafuta hadi ishikane. Mtu wa Mombasa au Unguja akionja atasema hii ni bokoboko iliyokosa samli, na hatakuwa mbali na ukweli. Inaokoa tanuri, inaokoa kuni, na haimwagi pumba.

Kuhusu kuhifadhi katika masuke bila kupura: kisa cha Nabii Yusuf kinajulikana, na ushauri wake ni sahihi hadi leo. Punje iliyo ndani ya ganda lake hupumua na haishambuliwi upesi. Lakini masuke hujaza nafasi kubwa, na mshale mmoja wa moto ukipita juu ya ukuta umemaliza yote. Ngome isiyo na vita iweke masuke na ipure polepole wakati wa baridi, mtu mmoja kilo 100 hivi kwa siku, na mabua yawe ya mifugo. Ngome inayotarajia kuzingirwa ipure yote kabla ya Novemba.

Chumvi

Bila mafuta, mkate peke yake haumshibishi mtu anayelinda ukuta usiku wa baridi. Hapa nguruwe hana mpinzani. (Ikiwa watu wa dunia yako hawamli, kondoo wa mkia wa mafuta na siagi ya chumvi vichukue nafasi yake, kwa gharama kubwa zaidi.) Nguruwe hujilisha mwenyewe mwituni kwa mbegu za mialoni zinazoanguka vuli, na kufika Novemba amenenepa kwa chakula ambacho binadamu hali. Kasoro yake: mialoni haizai sawa kila mwaka. Mwaka wa mbegu chache, nguruwe ni mifupa.

Nguruwe wa zama hizo alikuwa mdogo, kilo 60 akiwa hai, akitoa nyama na mafuta kilo 42 au 43. Gramu 100 kwa mtu kwa siku ni nguruwe 42. Kipimo cha chumvi ni kilo 1 kwa nyama kilo 6. Hatua zenyewe ni hizi. Chinja siku yenye baridi ya kutosha nyama isinuke, lakini isiwe ya kugandisha, kwa sababu nyama iliyoganda hainywi chumvi. Acha ipoe usiku kucha ikining'inia, kwani ikitiwa chumvi na joto lake la mwili huoza kutoka ndani. Kata vipande vya mbavu, sugua chumvi hasa kwenye ngozi na kandokando ya mfupa, panga ndani ya pipa kwa tabaka, weka jiwe juu. Kila siku ya tano vya juu vishuke chini. Baada ya wiki nne hadi sita, vitoe, vifute, vitundike kwenye moshi juu ya jiko.

Panapoharibika ni kwenye nyonga. Chumvi huingia polepole, na uozo huanzia kwenye kifundo cha mfupa mkubwa huku nje paja likionekana zuri kabisa. Mafundi wa mapaja ya Parma, Italia, huchoma kando ya mfupa kwa sindano ndefu iliyochongwa kwa mfupa wa farasi na kuinusa. Mfupa huo hushika harufu na kuiachia haraka. Mpishi wako mkuu na awe na sindano kama hiyo kiunoni. Inaeleza kazi yake kuliko kurasa tatu za wasifu.

Mpishi huyo asisahau maji. Nyama ya chumvi huloweshwa mara mbili kabla ya kupikwa, na anayeila ana kiu. Ngome yenye kisima kifupi na mapipa mengi ya nyama ya chumvi ina shida mpya.

Chumvi yenyewe hutoka mbali: Lüneburg kule Ujerumani, Wieliczka karibu na Kraków, ghuba ya Bourgneuf huko Ufaransa ambako maji ya bahari yalikaushwa kwa jua. Ngome ya milimani haina, hununua. Na mvua ikizidi, chumvi hupotea pamoja na mavuno. Katika njaa kubwa ya 1315 hadi 1317 mvua ziliozesha mashamba ya Ulaya kaskazini, na wakati huo huo maji ya chumvi hayakukauka, kuni zikawa mbichi, bei ya chumvi ikapaa. Mifugo ilikuwepo ya kuchinja, ila cha kuihifadhi hakikuwepo. Kwa mtunzi hilo ni zawadi: anayeshika barabara ya chumvi hana haja ya kubomoa ukuta.

Mfano mwingine wa thamani ya nguruwe. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alipoizingira Rochester, aliagiza nguruwe 40 wanono, wasiofaa sana kuliwa, mafuta yao yatumike kuchoma nguzo za shimo alilochimba chini ya mnara. Pembe ya mnara ikaanguka. Nguruwe 40 ni karibu nyama yote ya ngome yetu kwa msimu mzima, imechomwa mara moja. Waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kula farasi wao.

Pasipo na chumvi: upepo na maji ya maziwa

Visiwa vya Lofoten, Norway, vinakausha chewa wa Atlantiki bila punje ya chumvi. Samaki hutolewa kichwa na matumbo, hufungwa wawili wawili mikiani, hutundikwa kwenye vichanja vya miti kuanzia Februari hadi Mei. Hewa inazunguka karibu na nyuzi sifuri: inzi bado hawajaamka, na barafu si kali ya kuvunja nyama. Kilo 5 hubaki kilo 1, ngumu kama kuni, na inakaa miaka. Jirani zetu wa Kongo wanaopika makayabu na Wapwani wanaokula papa mkavu wanaielewa biashara hii, ingawa samaki hao wawili hutiwa chumvi. Kabla ya kupikwa, wa Lofoten hupigwa kwa nyundo ya mbao, kisha huloweshwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa.

Ni protini tupu, mafuta karibu hayamo. Mtu hawezi kuishi kwa huyo peke yake, bila mafuta ya kumsindikiza. Lakini anafaa sana kwa Kwaresima, siku 40 bila nyama zinazoangukia Februari hadi Aprili, hasa wakati pipa la nguruwe linakaribia chini. Dini ya dunia yako ikiwa na mfungo wa namna hiyo, tafadhali uweke mwisho wa baridi. Utaonekana una akili.

Aislandi ilikosa chumvi na ilikosa kuni za kuchemshia maji ya bahari. Walitumia maji yanayobaki baada ya kugandisha maziwa, yaliyoachwa yakachacha sana, na humo walizamisha nyama, vichwa na matumbo ndani ya mapipa. Ukali wake huzuia uozo na mifupa hulainika. Njia hii inafaa ngome ya wafugaji wa nyanda za juu, kwa sharti moja: iwe na maziwa mengi kiangazi kizima.

Zizi

Wazo la kwamba mifugo yote ilichinjwa Novemba si kweli. Waliochinjwa ni wa ziada; majike ya kuzaa na maksai wa jembe walibaki, kwani bila maksai hakuna kulima. Ng'ombe mdogo wa kilo 300 hula kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, zaidi ya tani moja kwa msimu, na malisho mazuri ya hekta moja yalitoa kama tani 2. Mwisho wake anakupa kilo 150 za nyama. Baridi nzima maziwa ni machache au hayapo, ndiyo maana kiangazi lita 10 za maziwa hugeuzwa kilo 1 ya jibini ngumu. Kuku nao hupunguza kutaga siku zikiwa fupi. Kwa hiyo zizi ni mbegu ya mwaka ujao. Anayelihesabu kuwa ghala la nyama amekosea hesabu.

Mnara wa njiwa umependwa mno na watunzi. Ni mzuri kwa macho, na kinyesi chake ni mbolea safi, lakini njiwa huzaa kuanzia masika hadi vuli. Makinda hayapatikani Januari. Bwawa la samaki vilevile ni la karamu: samaki hukua polepole, na barafu ikifunika lazima litobolewe tundu wapate hewa. Sungura wafaa kidogo, ila nyama yao haina mafuta. Tuviache hivyo.

Kabichi, au kwa nini meno yanalegea

Ngome inaweza kuwa na mkate na nyama tele na bado watu wakafa. Bila vitamini C, baada ya miezi miwili au mitatu fizi huvimba na kutoa damu, makovu ya zamani hufunguka, mtu anachoka kupanda ngazi. Hicho ni kiseyeye, na kiliwashika askari wa Louis wa 9 wa Ufaransa kule Misri mwaka 1250. Kiasi cha kukizuia ni kidogo, miligramu 10 kwa siku, na gramu 100 za kabichi ya kuchachusha zinatosha.

Kata nyembamba, changanya chumvi gramu 25 kwa kila kilo 1, ponda hadi itoe maji, shindilia kwenye pipa, weka kifuniko na jiwe. Wiki tatu au nne mahali penye joto kidogo, kisha stoo ya baridi. Maji yakishuka chini ya kabichi, ongeza maji ya chumvi siku hiyo hiyo. Ukingoja wiki utakuta ukungu na utelezi. Mapipa kumi ya lita 200 yanatosha watu 100. Nje, ndugu wa sukuma wiki husimama bustanini chini ya theluji na baridi humwongeza utamu, kama kuna anayethubutu kutoka kumchuma.

Stoo zikiisha bado kuna njia mbili za bei nafuu: njegere zilizooteshwa kwenye kitambaa chenye maji, na majani ya miti ya jamii ya msonobari yaliyotiwa maji moto. Majira ya baridi ya 1535 na 1536, mabaharia wa Jacques Cartier walikufa 25 kwa kiseyeye karibu na ilipo Quebec leo, mpaka wenyeji walipowaonyesha mti wa kuchemsha majani yake.

Midomo, na miezi isiyohesabiwa

Theluji ikiyeyuka njaa haijaisha. Mavuno ni Agosti. Kuanzia Mei maziwa na mboga za mwituni vinasaidia, lakini nafaka lazima ifike siku 270 hadi 300, kwa hiyo tani 12 ziwe 20, na chumba kimoja kiwe viwili. Juu ya hapo kuna mbegu. Shamba la zama hizo lilirudisha kama mara nne ya kilichopandwa: hekta ilitoa kilo 600 hivi, 150 zikirudi ardhini. Tani 20 ni ziada ya hekta 44, kabla wakulima wenyewe hawajala. Ngome hailimi, inakusanya. Bila vijiji vyake ni rundo la mawe.

Na vijiji hivyo vikikimbilia ndani? Watu 100 wakiwa 500, siku 180 zinakuwa 36. Ndicho kilichotokea Château Gaillard, Ufaransa, baridi ya 1203 kuingia 1204. Roger de Lacy, aliyeilinda, aliwatoa nje mamia ya raia ili askari wapate kula. Wazingiraji waliwaruhusu wa kwanza kupita, kisha mfalme wao, Philip wa Ufaransa, akakataa. Waliobaki walikwama kati ya ukuta na majeshi, wengi wao wakafa kwa njaa na baridi. Ngome yenyewe ilianguka Machi 1204.

Kwa baridi ya miaka mitatu

Nafasi si tatizo: tani 73 za nafaka kwa watu 100 ni mita 95 za ujazo. Tatizo ni kuzipata, na vijiji vinavyokufa nje. Hapo ni bahari tu. Jahazi la tani 50 hubeba nafaka ya watu 100 kwa miaka miwili. Harlech na Conwy zilivuka uasi wa Wales wa 1294 na 1295 kwa sababu hiyo; Harlech ikiwa na watu 37, ikiletewa shehena kwa njia ya bahari kutoka Ayalandi. Fort Jesus ya Mombasa haikuwa na theluji, lakini kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilishikilia kwa meli za msaada, na maradhi yaliwamaliza watu wake. Bahari nayo ina ratiba: wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, walikatazana kusafiri kuanzia Novemba 11 hadi Februari 22. Meli ya mwisho ya vuli inapochelewa, kila mtu ngomeni anaijua kwa jina.

Chaguo basi: ngome ya pwani ya kaskazini, samaki mkavu, rai na gati ndani ya ukuta. Ya msitu wa mialoni wenye barabara ya chumvi, nguruwe, ngano na rai. Ya nyanda za juu, jibini, mapipa ya maji ya maziwa na oti, watu wasizidi 60. Zote tatu, kabichi na njegere. Ya jangwa la barafu lisilo na kimoja kati ya hivi, ihamishe, au mpe mtu mkataba na joka.

Tarehe ya kukumbuka ni Februari 2. Wakulima wa Uingereza walikuwa na kanuni kwamba siku hiyo nusu ya nyasi kavu iwe bado ipo. Mtunza stoo anapanda darini na kamba yenye mafundo, anapima rundo, anashuka. Zikiwa chini ya nusu, ndama wa mwisho huchinjwa mchana huo huo, wakiwa bado na nyama juu ya mbavu.